Pumzi Mkononi mwa Fundi



Jumatano moja jioni nilipeleka regulata yangu kufanyiwa sevisi katika duka la vifaa vya uzamiaji, Abu Hamour. Kwa wasioujua mtaa huu, uko kusini mwa jiji, na ndani yake limo jengo la maduka liitwalo Dar Al Salam, ambalo Mtanzania mgeni huonyeshwa wiki ya kwanza ili apate kucheka kidogo. Regulata ni kile kifaa anachokiuma mzamiaji mdomoni ili avute hewa ya mtungi. (Najua kwetu mzamiaji ni yule aliyejificha kwenye meli akaibukia Ugiriki. Mimi nasema bahari yenyewe.) Nilijifunza mchezo huu kwa fedha za ovataimu, na kifaa nilikinunua kwa Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao.

Hewa ndani ya mtungi imebanwa kiasi cha mara 200 ya hii tunayovuta barazani. Hakuna pafu la kustahimili hiyo. Hatua ya kwanza ya regulata, ile inayofungwa kwenye mtungi, huipunguza hadi kiasi cha mara 10 hivi zaidi ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, huilainisha hadi ikulingane. Cousteau na mhandisi Gagnan walikitengeneza chao mwaka 1943 huko Ufaransa, na misingi haijabadilika sana. Ndani mna vimpira vya duara, springi, kichujio, na kipande kidogo cha plastiki ngumu kinachoziba na kufungua njia ya hewa. Chumvi na mchanga huvila hivi polepole, na maji ya Ghuba yana chumvi kuliko bahari ya kwetu Tanga.

Yangu ilikuwa inavuja mapovu. Nilitaka niipate Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa tulikuwa na safari ya Mesaieed. Fundi, kijana wa Kerala, akaifungua mbele yangu, akaninyooshea kile kipande chini ya taa. Kilikuwa na mfereji wa duara uliozama. Akasema kimekwisha, na kingine kitafika wiki ijayo.

Nikamwambia, "Bhai, safisha, funga, nipigie muhuri wako. Nashuka mita 12 tu."

Akatikisa kichwa.

Nami nikajitia ujuzi. Nikamweleza kwamba vifaa hivi vimeundwa ili vikiharibika, mara nyingi humwaga hewa badala ya kuizuia, kwa hiyo sitakosa pumzi. Akanijibu kwa upole kwamba ni kweli, na mtungi utakwisha kwa dakika chache. Nikapandisha sauti, nikasema nitaongea na bosi wake. Akanionyesha bosi alipokaa, akatia vipande vyangu katika mfuko wa nailoni, akaandika jina langu, akaendelea na kazi ya mtu mwingine. Nilitoka bila hata kuaga.

Hasira ile haikuwa ya safari ya Ijumaa. Niliijua asili yake nikiwa kwenye basi.

Mimi pia ni fundi. Mwaka 2014 nilikuwa katika timu ya matengenezo ya jengo moja refu, na kila mwezi tulipaswa kuiwasha pampu ya maji ya kuzimia moto, kusoma geji na kutia sahihi. Mwezi mmoja pampu ilikuwa imefunguliwa, inasubiri kipuri. Wakaguzi wanakuja kesho. Msimamizi akanisogezea karatasi, nami nikaandika namba za mwezi uliopita, nikatia sahihi. Wiki tano watu walilala juu ya pampu iliyokufa. Hakuna kilichoungua. Kipuri kikaja, tukafunga, mambo yakaisha.

Je, yaliisha? Wapo watakaosema pasipo madhara hapana kosa. Nimejaribu kulala juu ya hoja hiyo miaka mingi, haina godoro. Moto kutotokea halikuwa tendo langu. Ilikuwa bahati ya wapangaji, nami nimejipa sifa yake. Tendo langu lilikuwa ile sahihi, na ingekuwa ileile hata jengo lingeteketea.

Nina utetezi mwingine, wenye nguvu zaidi. Wakati ule kibali changu cha kukaa kilishikwa na kampuni, na kubadili kazi bila ridhaa yao haikuwa rahisi. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 2020. Nilikuwa na ada za wanangu. Sidharau sababu hizo, na asiyewahi kuishi juu ya sahihi ya mtu mwingine asiharakishe kunihukumu. Ila kijana wa Kerala naye ana watu kwao, na mteja akipiga kelele mbele ya bosi, anayeumia ni yeye. Tena mimi nilikuwa tayari kubeba hatari yangu mwenyewe. Wale waliolala ghorofani nani aliwauliza?

Katika bahari hii kazi ya pumzi ni ya zamani. Kabla ya mafuta, majahazi yalikaa miezi ya joto yakitafuta lulu. Mpiga mbizi alishushwa na jiwe, amebana pua kwa kibanio, na juu alikuwapo mtu mmoja, saib, ameshika kamba. Kamba ikitikiswa, anavuta. Miongoni mwa wapiga mbizi hao walikuwamo watu wengi wa pwani yetu waliouzwa huku. Mwanahistoria Matthew Hopper ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 2015, na jumba la makumbusho la Bin Jelmood hapa Doha linasimulia utumwa ule, uliopigwa marufuku Qatar mwaka 1952. Nilipolitembelea nilimfikiria zaidi yule wa juu. Jua kali, mkono umechoka, na hakuna anayemwona akisinzia isipokuwa aliye chini, ambaye hawezi kusema.

Tulifundishwa kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni methali nzuri ya nchi kavu. Ukiwa mita 12 huna ila cha nduguye.

Wiki iliyofuata nilirudi. Fundi akafunga geji kwenye hatua ya kwanza, akafungua mtungi, tukautazama mshale pamoja. Ukipanda polepole, kipande hakizibi. Ulisimama. Akangoja muda mrefu kuliko nilivyoona haja, kisha akatia sahihi. Nilimwomba radhi kwa maneno ya wiki ile, akacheka. Nikamuuliza yeye hupenda kuzamia wapi.

Akaniambia hajui kuogelea.

Nimemkaribisha ufukweni Sealine nimfundishe. Habari ya pampu sijamwambia, na wale wapangaji wa mwaka 2014 sijui nitawapata wapi.