Bahati ya Mnunuzi

Kununua ni tendo ambalo kila mtu hulitenda, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaolifikiri. Mwizi huhukumiwa, mlaghai hulaumiwa na mchoyo husemwa. Lakini mtu aliyepata kitu cha thamani kubwa kwa bei ndogo hupongezwa. Jirani humwambia kuwa ana jicho, rafiki humwambia kuwa ana nyota, na yeye mwenyewe hurudi nyumbani akihisi kuwa dunia imemfadhili. Je, pongezi hizo zinamstahili? Bahati ya mnunuzi ni zawadi iliyoshuka kutoka juu, au ni kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu mwingine pasipo mtu huyo kujua? Kwa mbali swali hili ni dogo. Kwa karibu lina uzito, maana ndani yake mna haki, elimu, umaskini na tamaa.

Mahali pafaapo kulipima ni Makambako. Mji huu, ulio katika Mkoa wa Njombe tangu mkoa huo ulipotengwa na Iringa mwaka 2012, umekaa katika njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni hapo. Viazi, mahindi, chai na mbao hushuka kutoka nyanda za baridi za Njombe. Nguo, viatu na vyombo vya mitumba hupanda kutoka bandarini. Katika njia panda watu huuza kwa haraka na hununua kwa haraka, kwa kuwa kila mmoja hudhani kwamba hatamwona tena mwenziwe. Dhana hiyo ndiyo inayofanya biashara ya huko iwe nyepesi, na ndiyo inayoifanya iwe ya hatari kwa dhamiri.

Miongoni mwa vikuukuu ambavyo huweza kuonekana juu ya turubai la muuzaji ni kalamu ya wino, ile ya kujazwa, yenye ncha iliyopasuliwa katikati. Enzi yake ya fahari imepita. Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu yake huko New York mwaka 1884. Kampuni ya Parker ilitoa mwaka 1941 kalamu iliyoitwa 51, ambayo ncha yake ya dhahabu imefichwa karibu yote ndani ya gamba laini, hata asiyeijua huweza kudhani kuwa haina ncha ya maana. Wakati huo tayari László Bíró, Mhungaria, alikuwa amepata mwaka 1938 hataza ya kalamu yenye kijipira mdomoni. Na kuanzia mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa aliiuza kwa bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu. Basi kalamu ya wino, ambayo zamani kishikizo chake kiling'aa katika mfuko wa shati la mwalimu, la karani na la mchungaji, ikaondoka mfukoni ikaenda mezani, ikaondoka mezani ikaenda kabatini, na mwisho ikalala katika sanduku la marehemu. Lakini katika nchi nyingi wapo watu wanaozitafuta kalamu hizo, wakazikusanya, wakazitengeneza na kuziuza. Kwao Parker 51 iliyo nzima ina thamani ya makumi ya dola, na za namna adimu zina thamani ya mamia.

Na achukuliwe mfano wa mwalimu wa Njombe apendaye kalamu hizo. Mwisho wa mwezi anateremka Makambako na fedha ya kununulia mbolea. Kabla hajafika dukani, anamwona mwanamke mzee aliyetandaza vitu vichache: vijiko, redio isiyolia, miwani, na kalamu nyeusi ya marehemu mumewe. Mwalimu anaitambua kalamu kabla hajainama. Moyo unamdunda, lakini uso anautuliza.

"Mama, kalamu hii bei gani?"

"Elfu tatu, mwanangu."

"Haiandiki hii, mama. Chukua elfu mbili."

Mama anachukua elfu mbili. Mwalimu, kwa furaha, ananunua na redio, kisha kwa jirani ananunua kalamu mbili zilizovunjika na saa isiyotembea, kwa sababu bei zake nazo ni ndogo. Anapofika katika duka la mbolea, fedha ya mfuko wa pili haitoshi. Usiku anailoweka kalamu katika maji ya vuguvugu. Wino uliokauka unayeyuka. Asubuhi kalamu inaandika vizuri kama ilivyoandika zamani.

Tendo hili moja lina maswali mawili, na kila moja lataka jibu lake. La kwanza ni la mtu na nafsi yake: je, ni vema kununua kwa sababu tu kitu ni rahisi? La pili ni la mtu na mwenziwe: je, ni haki kunyamaza juu ya thamani ambayo muuzaji haijui?

Katika swali la kwanza, haraka ya mwalimu imevaa nguo za busara. Hajisemi kuwa ametumia. Hujisema kuwa ameokoa. Lakini bei ikishuka, haja haipandi. Redio isiyolia haikuhitajiwa kwa elfu ishirini, wala haihitajiwi kwa elfu tano. Aristotle alimweleza mtu wa namna hii: mtu ajuaye lililo jema, akashindwa na shauku wakati wa kutenda. Shauku ya kununua ina hila ya pekee, nayo ni kuhesabu upande mmoja. Kalamu moja ya bahati husimuliwa kwa miaka kumi; saa kumi zisizotembea hutiwa mtotoni mwa meza wala hazisemwi. Mcheza kamari naye huhesabu hivyo hivyo, akaikumbuka siku aliyoshinda. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari; na daftari la mwindaji wa bahati, kama angelikuwa nalo, lingemwonyesha kwamba bahati yake imemgharimu fedha nyingi. Tena fedha ile haikuwa yake peke yake. Mfuko wa mbolea uliokosekana utaonekana katika mahindi, na mahindi yataonekana katika sahani za watoto ambao hawakuwapo sokoni.

Swali la pili ni zito zaidi, na lina umri mkubwa. Cicero, katika kitabu chake cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliuliza habari za mfanyabiashara aliyepeleka nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, hali akijua kuwa merikebu nyingine zenye nafaka zimo njiani. Awaambie wenye njaa, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Diogenes wa Babeli alionelea kuwa kutosema si sawa na kuficha. Antipater alionelea kuwa mwanadamu ana deni kwa wanadamu wenziwe. Cicero alikuwa upande wa Antipater. Katika sheria ya Kiislamu, Mtume alikataza watu kuwatokea njiani wenye misafara kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na aliyeuza kwa namna hiyo ana hiari ya kuuvunja uuzaji afikapo sokoni. Tena husimuliwa habari ya sahaba Jarir bin Abdullah, ambaye mtumishi wake alinunua farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenyewe kuwa anastahili zaidi, akaipandisha bei mpaka dirhamu 800. Katika Ukristo, Thomas Aquinas wa karne ya 13 alitoa hukumu inayoigusa kalamu yenyewe: muuzaji akidhani kuwa anauza shaba, na mnunuzi akijua kuwa ni dhahabu, mnunuzi amenunua pasipo haki na yampasa kurudisha kilichozidi. Ncha ya Parker 51 ni ya dhahabu.

Hata hivyo mwalimu ana utetezi, na si haki kumhukumu bila kumsikiliza. Atasema kwamba elimu yake ni kazi yake. Alisoma, alikosea, alipoteza fedha, mpaka jicho lake likajua. Naye akili ni mali, kama wasemavyo watu. Ikiwa kila ajuaye analazimika kutoa faida yote ya kujua kwake, nani atajifunza? Mkulima ajuaye udongo mzuri hununua shamba lililodharauliwa, na hapana amlaumuye. Atakumbusha pia mfano ulio katika Injili ya Mathayo, wa mtu aliyeona hazina iliyositirika katika shamba, akaificha tena, akaenda kulinunua shamba lile.

Utetezi huo una nguvu, lakini haufiki pale anapotaka ufike. Mtu wa mfano ule aliuza vyote alivyokuwa navyo, na mfano unasifu ukubwa wa alichokitoa; mwalimu alitoa elfu mbili, na kabla ya kutoa alipunguza elfu moja. Kuhusu elimu, ni kweli kuwa jicho lina ujira. Lakini ujira wa jicho ni sehemu ya thamani, si thamani yote. Mkulima wa udongo mzuri atalima na kuvuna kwa jasho. Mwalimu hakuiongezea kalamu kitu ila maji ya vuguvugu. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba yeye hakunyamaza tu. Alisema, "Haiandiki." Neno hilo lilikuwa kweli kwa saa ile, naye alijua kuwa kesho halitakuwa kweli. Hapo alitoka katika ukimya, ambao wenye hekima wameubishania, akaingia katika udanganyifu, ambao hapana aliyeutetea.

Iko tofauti ambayo haifai kusahauliwa. Kama kalamu ile ingenunuliwa kwa mfanyabiashara wa mitumba, hukumu ingekuwa nyepesi. Mfanyabiashara huyo hununua robota lililofungwa asijue vilivyomo. Mara hupata vizuri, mara hupata matambara, na bei zake amezipanga kwa kuzichanganya bahati hizo. Yeye na mnunuzi wake wamekubaliana kimyakimya kwamba kila mmoja atafuata jicho lake. Lakini mama mzee hakuingia katika mchezo huo. Aliuza kwa haja, akauza kitu kimoja ambacho hatakipata tena, akamwamini mtu aliyemwita "mwanangu". Jina hilo lilikuwa dai. Mtu akikubali kuitwa mwana, akajibu "mama", amekubali pia kitu fulani cha wajibu wa mwana.

Watu wa Njombe hawahitaji kalamu ili kuyaelewa haya, wanayo lumbesa. Kwa miaka mingi wanunuzi wa viazi wamewafuata wakulima mashambani wakadai gunia lishonewe kilemba juu, likapita kilo 100 kwa kiasi kikubwa, na bei ikabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo hukamata. Lakini mkulima aliye mbali na barabara, ambaye viazi vyake vitaoza, hukubali. Mwalimu wa Njombe, ambaye pengine wazazi wake wamelima viazi, huichukia lumbesa kwa moyo wote. Huiita wizi. Naye ana haki ya kuiita hivyo. Lakini mnunuzi wa lumbesa huutumia udhaifu wa mkulima, na mnunuzi wa kalamu huutumia kutojua kwa mjane. Na wote wawili hurudi nyumbani wakisema kuwa leo bahati ilikuwa yao. Siku hizi simu imeleta bei za soko mpaka shambani, na ajuaye kuitumia hujua thamani ya kitu kwa dakika chache. Kwa hiyo asiyejua amekuwa mnyonge kuliko zamani, maana zamani wengi walikuwa hawajui pamoja naye.

Basi kipimo kitafutwe wapi? Hapana sheria itakayomfuata mwalimu kwa ajili ya kalamu ya elfu mbili. Kipimo kiko katika furaha yake mwenyewe. Furaha ya mkusanyaji haikamiliki mpaka aisimulie: alivyoiona, alivyouficha uso wake, alivyopunguza bei. Huwasimulia rafiki zake, nao hucheka. Na aisimulie habari hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo, mbele ya mama aliyemwuzia. Ikiwa mama naye atacheka, kama atakavyocheka mfanyabiashara wa mitumba na kusema kuwa kesho zamu itakuwa yake, bahati ilikuwa halali. Ikiwa ulimi wa mwalimu utakuwa mzito, amekwisha kupata jibu, na njia ya kwenda Makambako haijafungwa. Kutoka Njombe ni mwendo wa kilomita zipatazo sitini. Anaweza kurudi, akamwambia mama thamani ya kalamu, akamwongezea fedha, akabakiza ujira wa jicho lake. Au anaweza kuirudisha kalamu yenyewe, ikiwa imejazwa wino, ili mama aone kwamba kitu cha mumewe bado kinaandika.

Atakuwa amepoteza faida. Lakini itakuwa ndiyo safari ya kwanza aliyokwenda sokoni akijua, kabla ya kutoka nyumbani, kitu alichokuwa akikitaka.