Mlango wa Mjane

Mlango ulikuwa wa mninga, futi tatu kwa saba, na fundi aliahidi kuufunga kabla ya Krismasi. Mama aliyeuagiza, mjane wa mtaani kwetu hapa Morogoro, alilipa nusu ya bei mwanzoni mwa Desemba. Mlango wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa upande wa bawaba, akawa anaufunga kwa waya kila jioni. Alikuwa anashona sare za shule, na anayeijua kazi hiyo anajua kuwa Desemba na Januari ndiyo miezi inayobeba mwaka mzima: ada, kodi, na deni la kitambaa dukani.

Fundi ni rafiki yangu. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye mkutano wa injili uwanjani, miaka mitatu kabla ya hapo, akaokoka. Miezi ile ya mwanzo wokovu wake ulionekana mpaka kwenye mbao. Aliacha kuziba nyufa kwa gundi na unga wa msumeno. Aliacha kupaka rangi mbao za paini na kuziuza kwa jina la mninga. Watu wakaanza kuambiana: ukitaka kitanda kisicholia usiku, nenda kwa yule mlokole.

Neno hilo lilimstahili. Tumelipata kutoka Kiganda, na maana yake ni aliyeokoka. Ndivyo walivyoitwa watu wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, penye hospitali ya misheni alikokuwa Daktari Joe Church na mchungaji kijana kutoka Uganda, Blasio Kigozi, aliyefariki mwaka 1936. Ukavuka mipaka, ukaingia Bukoba, ukafika Kenya. Wengi wetu tunaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza na kwa machozi ya toba. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba watu wale walirudisha. Waliokuwa wameiba walirudisha walichoiba, wenye madeni ya siri wakalipa, waliokosana wakaendeana nyumbani na kulitaja kosa kwa jina lake. Hata jirani asiyesali alijua Mungu amepita kijijini, kwa sababu mali yake iliyopotea ilikuwa imerudi mlangoni.

Basi, moto wa fundi ulipoa. Hakuna aliyeokoka asiyeijua asubuhi hiyo: unaamka, unapiga magoti, maneno hayaji, na karakanani mbao ni zilezile, mteja ni yuleyule mwenye kelele. Akaogopa. Alidhani Mungu amemwacha. Akanijia, nami nikampa ushauri ambao mpaka leo naujutia. Nilimwambia, "Kaka, njoo semina, utawashwa upya."

Kweli aliwashwa. Jumatatu alirudi anaimba, Alhamisi amenyamaza tena. Tukaenda nyingine. Kisha ikawa mikesha ya kila Ijumaa, kisha mafungo ya siku saba mji mwingine, kisha mahubiri ya simuni saa za kazi, randa imelala mezani. Nauli ilitoka kwenye malipo ya awali ya wateja. Sadaka ya mbegu ilitoka hukohuko. Nami niliyaona yote haya, nikayaita kukua kiroho.

Kwa nini sikukumbuka habari ya mana? Tumeifundishwa tangu Shule ya Jumapili. Waisraeli waliambiwa waokote kila asubuhi kiasi cha siku ile. Waliojaribu kuweka akiba hadi kesho yake walikuta imeingia mabuu na kunuka. Ni ya Sabato tu iliyodumu. Lakini sisi tulitaka usiku mmoja wa nguvu utulishe miezi mitatu. Tulipoona umeharibika hatukuinama kuokota cha asubuhi ile, bali tulitafuta usiku mwingine, mkubwa zaidi, wenye vipaza sauti vingi zaidi.

Na Eliya je? Alitoka Karmeli, aliposhuhudia moto ukishuka mbinguni kwa macho yake, na muda si mrefu yuko jangwani chini ya mretemu anaomba kufa. Hakuna mkesha unaoipita Karmeli. Mungu hakumrudisha mlimani ule akatazame moto tena. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji; akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena. Ndipo akapata nguvu za safari. Kama ningekuwa rafiki mwema, siku ile fundi aliponijia ningempa chakula, ningemwambia akalale mapema, na kesho yake ningekwenda kumshikia ubao akipima.

Usiku wa Desemba 31 wote tulikuwa kanisani, mjane naye. Alikuwa ameufunga mlango wake kwa waya kama kawaida. Karibu na saa sita fundi aliitwa mbele atoe ushuhuda, akasimulia mambo makubwa ambayo Mungu angemtendea mwaka mpya. Tulishangilia. Nilikuwa nimekaa safu moja na yule mama. Alikuwa anapiga makofi.

Alirudi kwake alfajiri akakuta waya umekatwa. Cherehani haipo. Vitambaa vya watu, sare kumi na nne zilizokwisha kukatwa, havipo.

Mbao za mlango wake zilikuwa karakanani bado hazijapigwa randa.

Fundi aliposikia hakuja kuniomba twende tukaombe. Alikwenda akafungua karakana sikukuu ileile ya mwaka mpya. Siku ya tatu aliubeba mlango kichwani mpaka kwa mjane, mimi nyuma yake nimeshika kitasa na bawaba, na hakuna aliyezungumza njiani. Baadaye aliuza mashine yake ya kuranda akanunua cherehani iliyotumika. Fedha za vitambaa alizilipa kidogokidogo mpaka Juni. Lakini Januari ya mama yule haikurudi. Wazazi walipeleka watoto kwa mafundi wengine, na baadhi hawajarejea kwake mpaka sasa.

Siku hizi nikipita kwa fundi asubuhi namkuta ameketi kwenye benchi na Biblia. Husoma sura moja, wakati mwingine nusu sura. Halafu hufungua daftari la oda, husoma jina la mteja wa siku hiyo na kumwombea mtu huyo na nyumba yake, kisha hushika msumeno. Nilimuuliza kama anasikia ule moto wa zamani. Akaniambia kuna asubuhi anausikia, na kuna asubuhi anasikia harufu ya mbao tu, na kazi inaanza saa ileile. Sijawahi kusikia ushuhuda ulionitia moyo kuliko huo. Bwana wetu mwenyewe alijulikana Nazareti kama seremala, muda mrefu kabla hajatenda muujiza mbele ya watu, na siamini kwamba meza zake zilichelewa.

Siku ile tulipomaliza kufunga mlango, fundi alipiga magoti pale kizingitini akasema, "Mama, nimekukosea. Fedha yako niliipeleka sadaka, na kazi yako nikaiacha." Hakusema shetani alimpitia.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Akaingia ndani, akafunga, akazungusha ufunguo mara mbili, akafungua. Akafunga tena. Kisha akatoka na kigoda cha jikoni kilichokuwa kimelegea mguu, akakiweka mbele ya fundi.

"Mwanangu, hiki nakihitaji Jumamosi."

Ijumaa, kabla ya magharibi, kigoda kilikuwa kibarazani kwake.