Wema Unaobaki

Sisi wa Lupembe, katika milima ya Njombe, tunaishi kati ya chai na ukungu; bahari tunaisikia tu. Hata hivyo, mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe umenifikirisha sana juu ya wema.

Waingereza waliujenga mwaka 1904, kusini ya mji wa Zanzibar, uongoze vyombo karibu na bandari ile. Mwaka 1926 uliwekewa taa ya gesi ya kampuni ya AGA ya Uswidi. Mkuu wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, ndiye aliyebuni kifaa cha kuwasha taa za namna hiyo jua likizama na kuzizima likichomoza. Mwaka 1912 mlipuko wa gesi ulimpofusha, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hakuacha kazi mpaka alipofariki mwaka 1937. Kipofu akaendelea kuwamulikia njia watu asiowajua.

Je, wema usiomjua unayemtendea ni wema kamili? Wapo wasemao kwamba wema ni wa ana kwa ana: kumpa jirani unga, kumzika maiti wake. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nahodha aliyeepuka mwamba usiku harudi kushukuru, kwa sababu hakuna lililompata. Balaa lililozuiwa halina shahidi.

Wahenga walituusia tutende wema twende zetu. Kuhusu shukrani, nakubali. Lakini mnara haukwenda zake. Taa inayowaka usiku mmoja na kuzimika wa pili ni mtego kwa anayeitegemea. Na hata taa inayojiwasha yenyewe huhitaji mtu wa kuiletea gesi na kuifuta kioo.

Hapa kwetu tunajua kuchimba mtaro wa bomba la maji kwa nguvu za wengi, kwa nyimbo na vigelegele. Anayesafisha tangi mwaka wa tano haimbiwi. Wala haimbiwi mkunga aliyebaki kijijini wenzake walipohamia Makambako; watoto aliowapokea salama hawatajua walinusurika na nini.

Basi, ndugu msomaji, tenda wema, usingoje shukrani. Lakini kabla ya kwenda zako, tazama kama yupo wa kuiwasha taa kesho.