MAHALI PALE SHOKA LILIPOZAMA

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 6:1-7 na Kumbukumbu la Torati 19:1-7



Tunawasalimu ninyi nyote wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo, mliofika Nakivale zamani na mliofika baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Tunamshukuru Mungu aliyetulinda tena mwezi mzima. Safari hii tunawaandikia juu ya sanduku la vifaa lililo chini ya meza kanisani, na hasa juu ya ile racheti. Wengi mmesikia habari yake nusu, na nusu hiyo imetembea sana kwenye mabomba ya maji.

Sanduku lile tulilinunua kwa sadaka ya mavuno, na sababu yake mnaijua. Mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2020, na mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi, hata wengine wakatolewa kabisa kwenye orodha. Tangu wakati ule, mwenye msumeno anatengeneza vitanda, mwenye spana anatengeneza bodaboda, na asiye na kifaa anakaa mbele ya nyumba akiangalia barabara. Ndipo tukasema kanisa liwe na sanduku moja, kila mtu aazime kwa kuandika jina lake katika daftari.

Kisha ndugu yetu mmoja kijana, fundi wa pikipiki, aliazima racheti ya nusu inchi. Alipokuwa analegeza nati ya ekseli ya nyuma kwa nguvu zake zote, racheti iliteleza ghafla, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye meno ya sproketi. Vidole vitatu vilichanika. Majuma mawili hakushika kazi, na mama wa watoto alikwenda kulima mashamba ya watu, mtoto mgongoni.

Sisi wazee wa kanisa tulifanya nini? Tulifungua daftari. Tulitafuta jina la mwisho kabla ya jina la kijana, tukalikuta, na lilikuwa la familia ya upande mwingine, wenye lugha nyingine. Hatukusema neno baya. Tuliuliza tu, "Nani alikuwa nayo?" Lakini swali lile lilitoka katika kikao likaingia nyumbani, na Jumapili iliyofuata watu walikaa kanisani jinsi tulivyokaa miaka ile kule nyumbani, hawa huku na wale kule. Wapendwa, tulipoona vile tuliogopa. Sisi sote tunajua mambo kama hayo yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Sasa tusome Wafalme. Wanafunzi wa manabii walikuwa wanakata miti kando ya Yordani ili wajenge nyumba, kwa maana pale walipokaa palikuwa padogo. Mmoja wao alipokuwa anakata, chuma cha shoka kilichomoka kikazama. Akalia mara ile ile, na neno alilomwambia Elisha ni kwamba lile shoka lilikuwa la kuazima. Hakungoja jioni, wala hakupeleka mpini kwa mwenyewe akiwa ameufunga kwa kamba. Chuma kilikuwa kitu cha thamani siku zile. Samweli wa Kwanza sura ya 13 inatuambia kwamba Israeli hawakuwa na mhunzi hata mmoja, walishuka kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao, tena kwa kulipa. Maskini aliyepoteza chuma cha mwenzake alikuwa na haki ya kutetemeka.

Naye Elisha hakuuliza nani. Aliuliza ni mahali gani kilipoangukia, na kijana akaonyesha kwa kidole. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulilihubiri fungu hili mara nyingi, kila mara juu ya muujiza wa chuma kuelea, na swali lile tulilipita kama watu wanaokimbilia basi. Lakini bila kijana kuonyesha mahali, nabii angekitupa wapi kile kijiti?

Mzee mmoja kati yetu alikuwa fundi wa malori huko Kivu. Katika kikao cha pili, tulipokuwa bado tunapeleleza majina, alisema, "Pasta, mniletee beseni na kitambaa cheupe." Tulileta. Akaifungua racheti ndani ya beseni, polepole, kwa sababu springi yake ni ndogo kama punje ya mchele, na ikiruka kwenye udongo haionekani tena. Akatuonyesha jinsi ilivyo. Ndani kuna gurudumu dogo la meno na ulimi wa chuma unaosukumwa na springi. Ukizungusha upande mmoja, ulimi unapanda juu ya meno, ndiyo ile sauti ya tik tik. Ukizungusha upande wa pili, ulimi unakamata na nati inazunguka. Zipo za meno 24, zipo za meno 72 ambazo kila tik ni nyuzi 5 tu. Hizo za meno madogo ni nzuri pahali pembamba, lakini hazivumilii uchafu.

Ya kwetu ilikuwa imejaa grisi nyeusi, nzito, iliyoshikana na vumbi la Nakivale mpaka ikawa kama lami. Ulimi ulikuwa umenata katikati, haufiki chini kwenye meno. Meno mawili yalikuwa yamemegeka pembeni. Mzee akasema, "Huu ni ugonjwa wa namna mbili. Uchafu unaoshwa. Meno haya yamevunjwa na mtu aliyeingiza bomba kwenye mkono wa racheti ili apate nguvu zaidi."

Wapendwa, ile grisi tuliijua. Ilikuwa ya kopo tunalopakia ekseli za baiskeli, nalo liko nyumbani kwetu. Ni sisi, mchungaji wenu, tuliyeipaka racheti ile kabla ya mvua, kwa nia njema, ili isishike kutu. Na tulipoijua hatukusema. Tulinyamaza siku mbili, na katika siku hizo mbili ile familia iliendelea kupita njiani bila kusalimiwa. Tulisema Jumapili, mbele ya wote, na kwa wasiokuwepo tunasema tena hapa. Tulienda pia kwa kijana tukamwomba msamaha, na tukampelekea unga kutoka nyumbani kwetu. Alicheka akasema vidole vinapona.

Jumatano iliyofuata, mtu alibisha mlangoni usiku akatueleza habari ya bomba. Jina lake haliandikwi hapa, na tunawaomba msilitafute. Alitaka kulipa, nasi tumepatana naye jinsi atakavyolipa kidogo kidogo. Lakini ile familia ya kwenye daftari bado haijarudi ibadani. Tumewatembelea mara mbili. Mama alitupa chai na kiti. Baba hakuwepo nyumbani mara zote mbili. Tutakwenda tena, na tungependa wengine waende, msituachie wachungaji peke yetu, kwa maana sisi hatukukaa upande mmoja wa kanisa peke yetu.

Tazameni pia lile somo la pili. Musa anapoeleza miji ya makimbilio, mfano anaoutoa unashangaza. Watu wawili wameingia msituni kukata miti, shoka linachomoka katika mpini, linampiga mwenzake, naye anakufa. Hapakuwa na chuki kati yao tangu zamani. Hata hivyo yule wa kwanza lazima akimbie, kwa sababu ndugu wa marehemu anakuja nyuma yake na moyo wenye moto. Sisi wakimbizi tunalipenda neno makimbilio, na tunaruka habari ya mpini. Ukimbizi wa mtu yule ulitokana na mpini uliolegea.

Basi angalieni mipini yenu, hasa sasa tunapoelekea kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mti ukikauka unasinyaa, na nyundo au shoka huanza kucheza. Wengi huliloweka usiku kwenye ndoo. Linakaza asubuhi, na jua likiwaka linalegea kuliko jana. Tia kabari ya mti mgumu juu ya mpini, na kama una kabari ya chuma, tia na hiyo. Mpini wenye ufa usiufunge kwa mpira wa baiskeli. Kwa jembe labda utamaliza nao msimu, lakini kwa shoka na nyundo ni hatari kwa anayesimama karibu nawe. Na patasi iliyopigwa mpaka kichwa kikachanua kama uyoga, isagwe kwa tupa, kwa kuwa vile vipande huruka machoni.

Kuhusu racheti, mzee alituagiza hivi. Ioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, mbali na jiko. Ikaushwe vizuri kwa kitambaa. Kisha matone machache ya oili nyepesi, kama ya cherehani, yanatosha, wala mafuta ya kupikia yasitumike kwa sababu yanaganda. Nati iliyokwama isilazimishwe kwa racheti. Itiwe oili, iachwe ilale usiku, na asubuhi ifunguliwe kwa ule mkono wa soketi usio na meno ndani, kisha racheti imalizie. Na bomba, hapana. Yale meno mawili yaliyomegeka hayaponi. Tumeuliza Mbarara kama vitu vya ndani vinauzwa peke yake, na tunangoja jibu. Mpaka hapo racheti ile iko sandukuni imefungwa kitambaa chekundu, asiichukue mtu.

Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi, mzee atakaa kwenye kivuli cha kanisa. Leteni vifaa vyenu vilivyoharibika, hata vile mlivyovificha chini ya kitanda, pamoja na beseni, kitambaa na mafuta ya taa kidogo kwenye chupa. Daftari la sanduku sasa lina safu tatu: jina, tarehe, na mahali palipoharibika. Kalamu tumeifunga kwa kamba.