Diski Pia Ilikuwa Gemu

Wanaopinga gemu za kompyuta darasani husema mchezo ni mchezo na masomo ni masomo. Lakini shule zetu zilifunza lugha kwa mchezo kitambo sana. Mchezo wenyewe uliitwa diski.

Kama ulisomea Bungoma au Kitale, huenda unaujua. Kipande cha mbao kinaanza na mtu mmoja asubuhi. Ukiteleza ukasema neno la Lubukusu au Kisabaot, unavishwa wewe, na hakitoki shingoni mpaka umnase rafiki yako naye ameteleza. Jioni waliokivaa wanahesabiwa, viboko vinafuata. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia mchezo kama huo wa Limuru katika Decolonising the Mind, 1986. Una sheria, una zamu, una wa kushindwa. Raha tu ndiyo hamna.

Sasa tuna vishikwambi, ambavyo serikali ilianza kuwagawia watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, na tuna simu za wazazi. Kwenye gemu, mtoto akikosea neno la Kiingereza anajaribu tena. Hakuna anayemcheka, hakuna anayemshtaki. Si jambo dogo hilo. Lugha hushika kwa kukosea mara nyingi, na diski ilifanya kila kosa liwe kesi.

Lakini hebu tusishangilie mapema. Duolingo ilipoanza kufunza Kiswahili mwaka 2017, ilikifunza kwa kupitia Kiingereza. Lubukusu hata haimo. Mtoto wa Bungoma hatavishwa mbao, sawa, ila ataona kwamba lugha ya nyanya yake haina pointi hata moja. Kunyamazishwa bila kiboko bado ni kunyamazishwa.

Kwa hivyo mimi siulizi kama gemu inafunza haraka. Nauliza inanifanya niwe nani kwa mwenzangu. Diski ilinitaka nimvizie. Gemu ya kila mtu na skrini yake inanitaka nimsahau. Ningependelea simu moja, watoto wawili, wakibishana kwa Lubukusu na Kiswahili ni neno gani la Kiingereza linafaa hapo. Watapiga kelele, ndiyo. Lakini hapo lugha ya pili inaingia bila kuifukuza ya kwanza, na hakuna anayepata pointi kwa kumchoma rafiki yake.