Gombea Ubingwa Usiogombewa

Daktari kijana, mwaka wa utarajali umeumaliza, usajili umeupata, na sasa kila anayekupigia simu anauliza jambo lile lile: utasomea ubingwa gani? Wenzako wameshajipanga. Huyu moyo, yule upasuaji, mwingine anawazia kliniki ya jioni mjini. Sina ugomvi na fani hizo, nchi inazihitaji. Lakini kabla hujajaza fomu, simama kwanza hapo ulipo, wilayani Mbulu au Hanang, umtazame mgonjwa anayerudi nyumbani bila kupata anachostahili. Huyo ndiye akuchagulie.

Sikuombi ujinyime. Nakuonyesha mahali penye kazi kubwa.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko huko Mbulu, ilifunguliwa 1955, mbali na miji yote mikubwa. Hapo, mwaka 2010, wahudumu walifundishwa kwa siku nzima namna ya kumwokoa mtoto anayezaliwa bila kupumua: mkaushe, msugue mgongo, asipovuta pumzi mpe hewa kwa mfuko na barakoa, yote ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye majaribio ya mwanasesere walifanya vizuri. Walipopimwa kwa watoto halisi, leba ilikuwa ile ile ya jana. Wengi wangeandika ripoti wakaondoka. Hege Ersdal, bingwa wa usingizi kutoka Norway, na wenzake wa Haydom, akiwamo Estomih Mduma, waling'ang'ana. Walimweka mwanasesere karibu na chumba cha kujifungulia, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache tu, mara kwa mara, wakiwa zamu. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Hawakuishia hapo. Mazoezi hayo yaliingia katika mpango wa Safer Births, uliofika kwenye vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania. Mwaka 2025 Benjamin Kamala na wenzake walichapisha matokeo katika New England Journal of Medicine: vifo vya watoto wa siku za mwanzo vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Leba za mikoani zimeifundisha dunia.

Na aliyekuwa katikati ya kazi hiyo tangu mwanzo ni mtu wa usingizi! Fani ambayo wanafunzi wengi huipita tu wakielekea kumtazama mpasuaji. Mgonjwa akizinduka humshukuru aliyeshika kisu. Aliyemshikilia pumzi saa mbili nzima hata jina lake halijui. Ila mwulize mkunga wa Dongobesh, Mbulu, mama anayetoka damu saa nane usiku anamhitaji nani. Kisu bila usingizi salama ni hatari juu ya hatari. Kama mikono yako hutulia pale wengine wanapopaniki, kama unapenda kusoma mwili dakika kwa dakika, basi hii ni fani yako, na usimwombe radhi mtu yeyote.

Au labda akili yako huvutwa na ubongo. Mbulu kuna kifafa kingi kuliko unavyodhani. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulioongozwa na Andrea Winkler, uliochapishwa 2009, ulikuta watu zaidi ya 8 katika kila 1,000 wakiishi na kifafa kinachoendelea. Sehemu ya kifafa hicho huanzia kwenye tegu wa nguruwe. Mtu humeza mayai yake kwa mikono au maji machafu, na viluwiluwi huenda kujikita kwenye ubongo. Miaka michache kabla, Helena Ngowi na wenzake walizunguka vijiji vya Mbulu wakimkamata nguruwe mmoja mmoja, wakimfungua kinywa na kupapasa ulimi kutafuta vijivimbe vya tegu huyo. Walivikuta kwa nguruwe 17 hivi katika kila 100. Unaona kazi ilivyo tele? Bingwa wa mishipa ya fahamu hapa angekaa meza moja na daktari wa mifugo na bwana afya, wakazungumzia vyoo na mabanda, na kijana mwenye kifafa anayefichwa ndani kwa kuogopewa angerudi darasani. Mjini ungeandika dozi. Hapa unaweza kuukata ugonjwa kwenye shina.

Halafu kuna 3 Desemba 2023. Matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Asubuhi kama ile hakuna anayeuliza nani ana kliniki kubwa. Anatakiwa anayejua kupanga majeruhi kwa haraka, nani kwanza, nani asubiri. Baadaye anatakiwa wa mifupa, na baada yake wa afya ya akili, kwa mama ambaye mvua ikinyesha usiku hawezi tena kulala. Udaktari wa dharura ni fani changa kwetu: idara ya hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, mafunzo ya ubingwa katika chuo kikuu cha MUHAS yakaanza mwaka huo huo, na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Wale waliojiandikisha mwanzo hawakuwa na kaka wa kuwaonyesha njia. Walijiandikisha hivyo hivyo.

Najua kinachokutisha. Pesa, upweke, barabara wakati wa masika, mashine ikiharibika fundi yuko mbali. Ni kweli tupu, na hayo yadai kwa sauti: nyumba, vifaa, mwenzako wa kupokezana zamu. Bingwa anayedai haki zake hukaa kazini miaka mingi kuliko anayevumilia kimya kisha akatoroka. Ila usikubali hofu ikujazie fomu.

Wiki hii ingia thieta, uombe kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa. Kaa kliniki ya kifafa kutwa nzima. Kisha kamwone Mganga Mkuu wa Halmashauri, umuulize ni ubingwa gani wilaya imeukosa kwa muda mrefu zaidi, na umwambie aweke jina lako kwenye mpango wa masomo wa mwaka ujao.