Seva ya Zamani Msiifute Kesho Yake

Wanangu mnaotunza seva za hospitali, shule na ofisi zetu, kuanzia Bunju hadi Mbagala hapa Dar es Salaam, nina neno nanyi kabla hamjaanza kuhamisha data. Nawasikia mkisema kazi ni ya usiku mmoja: tunakopi, asubuhi tunawasha mpya. Kukopi ndiko kwepesi kuliko yote. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba cha mtu kimefika kizima, na mtu huyo hayupo nanyi kwenye chumba cha seva. Yupo kwenye foleni ya kliniki Mwananyamala, au dirishani katika Hospitali ya Temeke, ameshika namba yake ya faili.

Katikati ya miaka ya 2010, wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Mzee wa Kimbiji, huko Kigamboni, hakuhamisha hata kigoda chake, lakini jalada la kiwanja chake na leseni ya duka lake ilibidi vipate mtunzaji mwingine. Akienda ofisini anategemea kulikuta jina lake. Hana habari ya diski wala swichi, wala hapaswi kuwa nayo. Hiyo ndiyo amana mliyobeba.

Basi anzeni kwa kuuliza. Msiishie kwa wakuu wa idara. Kaeni na karani wa mapokezi, na muuguzi wa zamu, na mhasibu. Hao ndio wanaojua folda ambayo skana inatupia hati, ripoti inayojitengeneza yenyewe kila mwisho wa mwezi, na kompyuta ile ya stoo iliyoandikiwa anwani ya seva ya zamani na mtu aliyekwisha kustaafu. Hakuna mchoro wa mtandao utakaowaonyesha hayo. Andikeni kila kitu, na mbele ya kila kitu andikeni jina la mtu atakayesema, "Ndiyo, kimefika."

Kisha pigeni hesabu, maana wengi wanaumbuka hapa. Terabaiti 4 zikipita kwenye laini ya intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde zinachukua zaidi ya siku 18, na hapo laini isikatike wala asiitumie mwingine. Ndani ya jengo, kwa waya wa gigabiti 1, ni kama saa 9, na bado mafaili madogo madogo ya hati zilizoskaniwa yatawachelewesha, kwa kuwa kila moja hufunguliwa na kufungwa peke yake. Mnaopeleka data nje ya nchi kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Umeme nao mnaujua. Pimeni betri za UPS zikiwa na mzigo, na jenereta ijazwe mafuta mchana, si usiku huo mkiwa mmekwisha kuanza.

Msingojee usiku wa mwisho ndipo mkopi kila kitu. Pitisheni mzigo mkubwa mapema watu wakiendelea na kazi; programu kama rsync itarudia baadaye kuchukua yaliyobadilika tu. Siku ya kuhama mnasimamisha uandikaji, mnapitisha mabaki, mnakagua. Hifadhidata msiikopi mafaili yake ikiwa inafanya kazi, maana mtapata nusu ya jana na nusu ya leo. Itoeni kwa zana yake yenyewe. Haki za nani anasoma na nani anaandika zihame pamoja na mafaili, la sivyo mshahara wa watu utasomwa na kila mtu asubuhi.

Wakubwa wa dunia wameanguka katika hili. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba katika kuhamisha seva ulipoteza picha, video na nyimbo ambazo watu walikuwa wamezipakia kwa miaka mingi. Wanamuziki waliokuwa na nakala yao pale tu hawana tena sauti zao za ujana. Linanihuzunisha hadi leo. Na tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu, usiku, kazi ikiwa imemlemea, alifuta data akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipozikimbilia bekapu, njia moja baada ya nyingine ikaonekana haikuwa inafanya kazi. Wakaokolewa na nakala ya saa 6 nyuma. Bekapu ambayo hamjawahi kuirejesha msiihesabu. Na diski kadhaa zilizounganishwa kwa RAID si bekapu: ukifuta kwenye moja, umefuta kote.

Kwa hiyo usiku huo muwe wawili, mmoja asome jina la seva kwa sauti kabla mwenzake hajabonyeza. Amueni mapema saa ya kurudi nyuma. Ikifika saa kumi usiku haijakaa sawa, washeni ya zamani bila ubishi. Wodi ya wazazi hailali, basi daftari za karatasi ziwe mezani kwa wauguzi tangu jioni. Mkimaliza, linganisheni idadi ya rekodi, linganisheni alama ya SHA-256 ya kila faili, halafu mketisheni muuguzi afungue wagonjwa anaowajua yeye. Atagundua kasoro ambayo hesabu zenu zimeipitia juu juu.

Seva ya zamani iwekeni katika hali ya kusomwa tu, muitoe kwenye mtandao, ikae hadi mhasibu afunge mwezi na kila jina kwenye orodha yenu liwe limetia saini. Hapo ndipo diski zifutwe kikamilifu, au zitobolewe. Msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu diski yenye majibu ya vipimo vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, nayo inawahusu. Andikeni namba ya kila diski, tarehe ilipoharibiwa, na jina la aliyeshuhudia, kisha karatasi hiyo muikabidhi kwa mtunza kumbukumbu wa ofisi.